Uzi: Mkate bila ngano wala maziwa hapa Nairobi. Nimechoma unga, nimechoma gesi, mnisaidie

MamaPendo_Umoja (Jumapili, saa 3:40 usiku)

Hamjambo wadau. Miaka yote mimi husoma humu kimyakimya nikaenda zangu, lakini leo nimeshindwa, acha nilie mbele ya watu.

Binti yangu ana miaka 9. Tangu mwaka jana tumbo lake lilikuwa halitulii. Linajaa hewa, anaharisha, anachoka kabla ya saa nne, na sare ya gredi ya pili bado inamtosha akiwa gredi ya nne. Ametibiwa amiba mara nne, taifodi mara mbili, minyoo hata sikumbuki. Mwishowe daktari mmoja akasema hebu tupime damu, halafu akaingizwa kamera hadi kwenye utumbo. Jibu likawa seliaki, yaani ugonjwa wa utumbo kuumizwa na ngano. Hakuna ngano, hakuna shayiri, hakuna nafaka ya rai, maisha yake yote. Na maziwa aache kwanza mpaka utumbo upone.

Ugali, wali, ndengu, viazi, hapo sina neno. Shida yangu ni asubuhi. Nyumba hii ni ya chai na mkate tangu nilipoolewa. Ya maziwa tumeshaitoa, sasa tunakunywa strungi wote ili asijione peke yake, lakini mkate ndugu zake wanakula naye anaangalia. Ule wa kutoka nje niliuona supamaketi, nikaugeuza, nikaona bei, nikaurudisha kwenye rafu polepole kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe.

Basi nikaamua nitaoka mwenyewe. Nimeoka sita. Wa kwanza ulikuwa wa unga wa mahindi na hamira, ukatoka ugali uliookwa. Wa pili ni unga wa mchele mtupu, nikaukata ukamwagika mezani kama mchanga wa ujenzi. Wa tatu na wa nne hata sitaki kuvizungumzia. Wa tano nilitia ndizi mbivu, ukawa mtamu, lakini hiyo ni keki, tusidanganyane. Wa sita ndio ulionileta humu. Nilifuata maelezo ya mtu wa Marekani neno kwa neno, yakasema mkate haujaiva mpaka katikati ufike digrii 98. Nikaazima kipimajoto. Baada ya dakika 50 kinasoma 93. Saa nzima, 94. Saa moja na dakika ishirini, 94. Nikasema hiki kimekufa, nikaendelea kungoja. Nilipoutoa ulikuwa na ganda kama kifuu cha nazi. Baba Pendo akaugonga kwa kidole akasema tusiutupe, tuuweke pale mlangoni upepo usiwe unaufunga.

Ninakosea wapi? Na nitapata wapi vitu vyake bila kuuza shamba?

Mwokaji_Donholm (Jumapili, saa 4:15 usiku)

Mama Pendo pole sana, lakini kipimajoto cha watu kirudishe na shukrani, ni kizima kabisa. Kitie kwenye sufuria ya maji yanayotokota uone. Kitasoma 94 hapo hapo.

Nairobi iko juu ya bahari karibu mita 1,800. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji yanachemka kwa takriban digrii 94, si 100 kama Mombasa. Na mkate ndani ni unyevu mtupu. Maadamu maji yangali mle, hauwezi kupanda zaidi ya pale maji yanapochemka. Huyo wa Marekani yuko karibu na usawa wa bahari, 98 yake anaifikia. Wewe ungengoja mpaka Krismasi. Mimi hapa Donholm huutoa ukifika 92 au 93, na sijawahi kula mbichi.

Nimeoka miaka kumi na moja, mitano ya kwanza Mombasa. Nilipopanda huku wiki ya kwanza niliaibika kazini. Kila kitu kilikuwa kinaumuka mbio, kinajaa, kinaanguka. Hamira ni ile ile, ila hewa ya huku haiukandamizi unga sana. Kwa hivyo punguza hamira kwa robo, na uangalie unga, usiangalie saa. Ila baridi ya Julai ikiingia, hapo mambo yanageuka, utangoja mara mbili.

Sasa lenyewe. Chukua donge la chapati, livute. Linavutika, linakuwa jembamba mpaka unaona kidole upande wa pili. Hiyo ndiyo gluteni. Sasa kanda unga wa mtama uvute. Unakatika. Hamira kazi yake ni kutoa hewa tu, haijui kuishika. Kwenye ngano hewa inanaswa na ule mvutiko, kwenye mtama na mchele inatoka inaenda zake, ndiyo maana umekula matofali.

Unahitaji kitu cha kuishika. Nenda Ngara kwenye maduka ya viungo, au duka lolote la dawa, uulize isabgoli. Ni maganda ya mbegu ambayo watu hunywa wakifunga choo. Ukimwambia muuzaji unaokea mkate atakutazama vibaya, mwache. Ikikaa kwenye maji dakika kumi inakuwa mrenda mtupu, inavutika kutoka kijiko hadi bakuli. Huo mrenda ndio utakaoshika hewa.

Na usikande! Huu si unga wa kukanda, ni wa kukoroga. Ukiona umekaa donge kavu zuri mkononi, ujue maji hayajatosha. Uwe kama uji mzito sana, ule ambao mwiko unasimama halafu unalala polepole.

Mzee_Kijana (Jumapili, saa 4:31 usiku)

Haya magonjwa ya wazungu tunayatoa wapi? Babu yangu alifika miaka 96, hajawahi kusikia neno gluteni. Mtoto apewe mursik na majani ya kienyeji atakuwa sawa.

MamaPendo_Umoja (Jumapili, saa 4:40 usiku)

Mzee, mursik ni maziwa.

Nesi_wa_Usiku (Jumatatu, saa 10:05 alfajiri)

Niko zamu, wodi imetulia, ngoja nijibu.

Mzee wangu, kwa heshima, babu yako alikula ngano lini? Ugali wa wimbi, mtama, mihogo, viazi vitamu, hivyo vyote havina gluteni. Ngano ya kila siku, asubuhi mkate, saa nne mandazi, jioni chapo, ni mambo ya majuzi tu. Na si ugonjwa wa wazungu. Wasahrawi wa Sahara Magharibi ni Waafrika, na ni miongoni mwa watu waliopatikana nao kwa wingi zaidi duniani.

Lakini ni kweli kwamba uligunduliwa chanzo chake Ulaya, tena kwa njaa. Kulikuwa na daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke. Tayari alikuwa akishuku mkate, halafu vita vikaleta baridi ya njaa ya 1944 na 1945, mkate ukapotea nchini mwao. Watoto wengine wakadhoofika, wale wa seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walikuwa wakilishwa ndizi kwa wingi, kwa kubahatisha.

Mama Pendo, umebahatika kupimwa. Naomba wengine mnaosoma na mnaojishuku, MSIACHE ngano kabla ya kupima. Ukiacha, damu inaanza kusafika na kipimo kinaweza kutoka safi na wewe ni mgonjwa. Nimeona mtu akilazimishwa kurudi kula chapati wiki kadhaa ndipo apimwe upya, na aliteseka.

Ya maziwa nikueleze kwa nini. Utumbo mdogo una vinyweleo vidogo vidogo vya kunyonya chakula. Seliaki inavifyeka. Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha za hivyo vinyweleo, kwa hivyo vikifyekwa nacho kinaondoka. Vikiota tena baada ya miezi, wengi hurudia maziwa bila shida. Kwa hivyo huenda Pendo akarudi kwenye chai yake, daktari wake ndiye atakayesema lini. Anayezuiwa maziwa kwa sababu ya mzio, huyo ni habari nyingine kabisa, asijaribu hata samli.

Kingine watu hawakifikirii ni damu. Tangu 2012 unga wa ngano na wa mahindi unaopakiwa hapa Kenya unatakiwa kuongezewa madini ya chuma na vitamini. Mchele na muhogo havimo kwenye sharti hilo. Mtoto wa seliaki tayari damu yake huwa chini, halafu unamhamishia kwenye mkate wa mchele na muhogo, utamlisha njaa tumbo likiwa limeshiba. Tieni wimbi. Wimbi lina chuma, na kalisi yake ni zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100, nafaka nyingine hazisogei hata karibu.

Nimeitwa. Baadaye.

Mzee_Kijana (Jumatatu, saa 1:12 asubuhi)

Nimesoma yote. Nimenyamaza. Swali moja tu la dhati, huyu mtoto Krismasi atakula chapati gani?

BintiPwani_SouthB (Jumatatu, saa 3:20 asubuhi)

Salaam aleikum. Nawaona mnahangaika na mrenda na vipimajoto nacheka peke yangu. Mkate usio na ngano wala maziwa mbona upo siku zote? Hamjala mkate wa kumimina nyinyi? Wengine wauita mkate wa sinia. Mchele, tui, hamira, hiliki, sukari, ute wa yai. Basi.

Mama Pendo, fanya hivi. Vikombe viwili vya mchele, usinunue ule wa kunukia wa bei, chukua wa kawaida, uroweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, tia kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai, hiliki utakavyo. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Hapo ndipo wengi huharibu, wachoka mapema, mkate watoka una changarawe. Mimina kwenye bakuli kubwa, funika. Ukianza kutoa mapovu juu, tia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja uliopigwa ukawa povu, koroga taratibu kwa mkono mmoja. Sufuria ipake mafuta, iteleke mpaka mafuta yapate moto, kisha mimina. Utasikia *chwaa*, kingo zashika hapo hapo. Moto chini mdogo mno. Juu weka kifuniko cha bati na makaa. Kwa harufu utajua.

Ukiukata ndani uwe na vitundu vilivyosimama, kama sega la nyuki. Ukiwa umelala bila vitundu, mchele haukusagika au hamira ilikufa.

Onyo moja. Huku Nairobi vitumbua na mkate wa kumimina wa kununua, uliza kwanza. Kuna wanaotia unga wa ngano vijiko viwili "ushikane". Kwa mtu wa kawaida si neno, kwa Pendo ni sumu.

Mwokaji_Donholm (Jumatatu, saa 3:44 asubuhi)

Dada, mkate wa kumimina naujua, nimeula Mombasa miaka mitano, na siupingi. Lakini ule ni kitu cha chai ya saa kumi. Mtoto anataka mkate wa kupaka, wa kubeba shuleni, wa kutia yai katikati. Utamtilia yai kwenye hiliki?

BintiPwani_SouthB (Jumatatu, saa 3:50 asubuhi)

Kaka yangu, nani alikwambia mkate lazima uwe wa mraba? Punguza sukari ibaki vijiko viwili vya kulisha hamira, ondoa hiliki, tia chumvi. Utakula na yai, na maharagwe ya nazi, na mchuzi wa samaki. Nyinyi watu wa bara mwataka mkate ufanane na wa dukani, usipofanana mwasema si mkate. Huo wa dukani wenyewe hauna ladha.

UngaSafi254 (Jumatatu, saa 4:02 asubuhi)

Nauza unga wa ndizi mbichi, wa viazi vitamu na wa muhogo. Njoo faragha.

Mwokaji_Donholm (Jumatatu, saa 4:06 asubuhi)

Weka bei hapa hapa. Na useme unasagia wapi, utaona kwa nini nauliza.

(UngaSafi254 hakurudi, kama mlivyotarajia.)

Kayole_Hana_Oveni (Jumatatu, saa 8:30 mchana)

Sisi ambao hatuna oveni tukae pembeni?

Mwokaji_Donholm (Jumatatu, saa 9:00 alasiri)

Hapana, sogea. Mimi mwenyewe nilijifunzia kwa jiko la makaa. Tafuta sufuria kubwa nzito yenye kifuniko bapa. Chini tandaza mchanga mkavu uliooshwa, unene wa vidole viwili, uweke kwenye jiko dakika ishirini upate moto sawasawa. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu au kifuniko cha mkebe, bati la mkate likae hapo, lisiguse mchanga. Funika, makaa mekundu juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, watu hufanya kinyume, chini unaungua na juu umepauka kama mgonjwa. Dakika arobaini za kwanza usifunue. Ukifunua ili uone, umeuua. Na fanyia nje au mlango ukiwa wazi, moshi wa makaa si mchezo.

Bati lenyewe nenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, mwambie inchi 8 kwa 4, kimo inchi 4. Kimo usimwachie aamue. Mkate huu hauna nguvu ya kujisimamisha, unahitaji ukuta wa kuegemea.

MamaPendo_Umoja (Alhamisi, saa 2:10 usiku)

Nimerudi na habari mbili.

Ya kwanza, nilifanya wa kumimina wa BintiPwani, usio na hiliki. Sikuamini. Pendo alikula vipande vitatu akiwa amesimama, hajakaa hata chini. Asante dadangu, Mungu akuweke.

Ya pili si nzuri. Kwa furaha hiyo nikajipa moyo nijaribu wa mtama. Nikanunua mtama mweupe Nyamakima, nikaupeleka kisiagi cha hapa mtaani, nikaoka na isabgoli. Mkate ulitoka vizuri, si mbaya kabisa. Usiku tumbo la Pendo likavimba kama zamani, akaamka mara tano. Nikakaa nikajiuliza ngano imeingilia wapi, kila kitu nimenunua mwenyewe. Asubuhi nikarudi kisiagi, nikamuuliza yule kijana, jana kabla yangu mlisaga nini? Akafikiria, akasema, "Mahindi, wimbi ya mama fulani, halafu ngano ya yule wa chapati za kahawia." Mashine ni moja. Hata kuipangusa hawapangusi, na kwa nini wapanguse, hawakuwa wakijua. Nilijilaumu mpaka nikalia kwenye matatu.

Nesi_wa_Usiku (Alhamisi, saa 3:25 usiku)

Pole sana mama, na usijilaumu, hili huwakamata karibu wote. Kipimo cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni chini ya miligramu 20 kwa kilo. Miligramu, mama. Vumbi lililobaki kwenye mashine moja linatosha kukipita.

Halafu angalia nyumbani pia. Kibao cha chapati, mwiko wa mbao wenye nyufa, chujio la unga, tosta. Hivyo Pendo awe na vyake, tia alama kwa rangi ya kucha. Usimkaangie chipsi kwenye mafuta yaliyokaanga mandazi. Unga wa uji wa kuchanganya wa pakiti, soma nyuma, mwingine una ngano ndani. Sosi ya soya mara nyingi ina ngano. Majarini nyingine zina maziwa ingawa watu hudhani ni mafuta matupu, tumia ya alizeti au ya nazi. Oti nayo, hata kama yenyewe haina neno, mara nyingi husagwa na kusafirishwa pamoja na ngano.

BintiPwani_SouthB (Alhamisi, saa 3:40 usiku)

Ndiyo maana mchele wa kuroweka ni salama. Waosha mwenyewe, wasaga mwenyewe kwenye blenda yako. Hakuna mashine ya mtu.

Mwokaji_Donholm (Alhamisi, saa 4:18 usiku)

Hapo BintiPwani umenishinda, nakubali. Na nimefikiria usiku kucha jana, wacha tuchanganye njia zetu mbili. Mtama na wimbi pia vinaroweka. Mama Pendo, nunua nafaka nzima, sio unga. Ichague kwenye ungo kwanza, punje za ngano huwa zinajificha humo. Osha mara tatu, roweka usiku kucha, saga mbichi kwenye blenda pamoja na maji ya mkate. Hakuna kisiagi, hakuna vumbi. Mtama ni mgumu, saga kidogo kidogo na upumzishe mota, usiniletee hasara ya blenda.

Muhogo nunua unga wa pakiti wa mtu anayesaga muhogo tu, na uandikwe hivyo. Usijikaushie muhogo usioujua. Ule mchungu una sumu ya sayanidi, una namna yake ya kurowekwa na kukaushwa, si kazi ya kujaribia mtoto.

Kayole_Hana_Oveni (Ijumaa, saa 12:50 asubuhi)

Je anjera, zile chapati laini zenye vitundu? Eastleigh zimejaa.

BintiPwani_SouthB (Ijumaa, saa 1:30 asubuhi)

Anjera ya Kisomali mara nyingi ina ngano. Injera ya Kihabeshi ya tefu tupu, ile nafaka yao ndogo, haina gluteni, ila mikahawani wengi huchanganya tefu na unga mwingine kwa sababu tefu ni ghali. Uliza, na ukijibiwa kwa kusitasita, ondoka.

MamaPendo_Umoja (Jumapili, saa 11:20 jioni)

Wadau. WADAU.

Nianze mwanzo. Ijumaa jioni nilichagua mchele gramu 150, mtama mweupe 70, wimbi 30. Nilikuta punje nne za ngano kwenye mtama, ziko kwenye sahani ya chai hapa nimezihifadhi kama ushahidi. Nikaosha, nikaroweka. Jumamosi asubuhi nikachuja, nikasaga na maji ya uvuguvugu mililita 300 tu, kwa sababu nafaka tayari zimekunywa usiku kucha. Blenda ililalamika, nikaipumzisha mara tatu. Nikatia isabgoli gramu 20, nikakoroga haraka maana inaganda ukiiangalia, nikaiacha dakika kumi. Kaka, ule mrenda niliuona! Niliinua mwiko ukafuata.

Nikaongeza unga wa muhogo gramu 100, hamira gramu 5, sukari vijiko viwili, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta ya alizeti vijiko viwili, siki kijiko cha chai. Ukawa mzito, nikarudisha maji kidogo kidogo kama mililita 60, mpaka mwiko ukasimama na kulala polepole kama ulivyosema. Moja kwa moja kwenye bati la Kamukunji, nikausawazisha juu kwa kijiko kilichoroweshwa. Sikuungoja uumuke mara mbili, mara moja tu. Hamira yako ilikuwa sahihi, dakika 35 ulikuwa umekaribia ukingo, nikakimbia nao kwenye oveni kabla haujaanguka. Digrii 200.

Dakika ya 30 nikasikia jirani anasema "aai", nikajua stima imepotea. Nikashukuru Mungu oveni yangu ni ya gesi. Nikaoka kwa mwanga wa simu.

Dakika ya 55 nikachoma kipimajoto. 92. Nikasimama pale kama mlinzi. 93, nikautoa. Nikaugonga chini, ukalia *ko ko ko*, si *pu pu*.

Sasa hapa mnisamehe, maana Mwokaji aliniandikia faragha kwamba nisiukate mpaka upoe kabisa, saa mbili au zaidi, kwa sababu ndani bado unaganda na ukiukata moto utanata kisuni kama ubani. Pendo alikaa kwenye kiti mbele ya huo mkate saa mbili nzima. Hakwenda kucheza. Kila baada ya dakika kumi anaugusa, "Mama, umepoa?" Nikimwambia bado anaurudisha mkono mapajani.

Nilipoukata haukumwagika. Rangi yake ni ya kahawia nyepesi kwa sababu ya wimbi, vitundu vidogo vidogo, ukikunja kipande kinajikunja kabla ya kukatika. Kabla ya kukatika! Si kama wa dukani, hapana, una ladha ya uji kwa mbali na ni mzito kidogo. Baba Pendo alikula viwili, akaniuliza ule wa mlangoni bado upo ama tumeutupa, alinganishe.

Usiku Pendo alilala mpaka asubuhi.

Mwokaji_Donholm (Jumapili, saa 11:41 jioni)

Leo nalala vizuri. Ukitaka uwe mwepesi, badala ya mililita 100 za maji tia tui, na wimbi usizidishe 40. Na usiuache kwenye kabati, kesho kutwa utakuwa mgumu, wanga wa mchele hurudi kuwa mawe haraka kuliko ngano. Kata wote leo, weka kwenye friza na karatasi kati ya vipande, asubuhi unachomoa kimoja unakipasha kwenye kikaango kikavu.

Nesi_wa_Usiku (Jumapili, saa 1:05 usiku)

Zile punje nne za ngano zipige picha uweke hapa. Kuna watu kwenye kliniki yetu nataka waione.

MamaPendo_Umoja (Jumapili, saa 1:22 usiku)

Nitaweka kesho, simu iko asilimia 6 na stima haijarudi. Kayole, bati la fundi wangu lina mshono unaovuja pembeni, mwambie wako akunje mara mbili.

Kayole_Hana_Oveni (Jumapili, saa 1:30 usiku)

Sawa mama. Kesho naenda Kamukunji na mchanga ninao.

Mzee_Kijana (Jumapili, saa 2:00 usiku)

Bado hamjanijibu kuhusu chapati.

BintiPwani_SouthB (Jumapili, saa 2:03 usiku)

Mzee wangu, fungua uzi wako, nitakuja na chapati za muhogo na tui. Uje na unga.